Msamaha, msako au kibali: njia za kurekebisha uhamiaji wa nchi zikiwekwa bega kwa bega

Mjadala wa uhamiaji haukosi watu watatu. Wa kwanza anataka wasio na vibali waondolewe wote. Wa pili anataka wapewe vibali. Wa tatu anasema mpaka ufungwe kwanza, hayo mengine yatazungumzwa baadaye. Wote huongea kana kwamba wamebuni jambo jipya, ilhali kila njia kati ya hizo imeshajaribiwa na nchi zenye fedha, askari na mahakama, na matokeo yake yamo kwenye kumbukumbu. Mpiga kura anayepima ilani ya chama, au mbunge aliyeletewa muswada mezani, hana sababu ya kubahatisha.

Kipimo changu ni kimoja. Miaka kumi baada ya sheria kupita, ilikuwa inatekelezwa kweli, au ilikuwa inatishia tu huku maisha yakiendelea chini yake? Nchi isiyoweza kutekeleza sheria yake ya uhamiaji hupata hasara mbili kwa mpigo: ukali kwa wachache wanaoangukia mikononi mwa askari, na ulegevu kwa wengine wote. Sitagawa nafasi sawa kwa kila swali. Suala la watu waliomo ndani na suala la mwajiri ndiyo yanayoamua mengi, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Waliomo ndani tayari

Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitia saini sheria yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza iliwafungulia njia ya ukaazi watu waliokuwa nchini bila kibali tangu kabla ya Januari 1, 1982, pamoja na vibarua wa mashambani waliotimiza masharti yao. Watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi. Nusu ya pili, kwa mara ya kwanza katika sheria ya nchi nzima, ilifanya kuwa kosa kumwajiri mtu asiye na ruhusa ya kufanya kazi.

Ile ya kwanza ilikamilika ndani ya miaka michache. Ya pili haikupata meno. Mwajiri aliwajibika pale tu ilipothibitika alijua kwamba mtu wake hana ruhusa, na ilimtosha kutazama hati ambazo kwa macho zinaonekana halali, kujaza fomu na kuifungia kabatini. Soko la vitambulisho vya kughushi likastawi. Tena sheria haikufungua mlango wa maana kwa wafanyakazi ambao mashamba, ujenzi na hoteli zingewahitaji miaka iliyofuata. Na walioingia baada ya tarehe iliyowekwa walibaki nje ya msamaha tangu siku ya kwanza, kwa hiyo tatizo halikuwahi kufutika hata kwa wiki moja. Kufikia 2007 makadirio yalikuwa watu milioni 12 hivi.

Wapinzani wa msamaha huona hapo ushahidi kwamba kusamehe kunavuta wengine. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye mapatano yenyewe: upande mmoja ulilipwa taslimu, upande wa pili ukapewa ahadi. Waliobaki na ahadi hawakusahau. Jaribio la 2007 lilifia Seneti, na muswada mkubwa wa 2013, uliopita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32, haukufikishwa hata kupigiwa kura katika Baraza la Wawakilishi.

Hispania ilifanya msamaha wake kwa namna nyingine. Mwaka 2005 serikali ya José Luis Rodríguez Zapatero ilifungua dirisha la miezi mitatu, lakini haikutosha mtu kujitokeza na kusema yupo. Ombi lilihitaji mkataba wa kazi, kwa kawaida mwajiri ndiye aliyeliwasilisha, na kibali kilianza kufanya kazi pale mfanyakazi alipoandikishwa kwenye hifadhi ya jamii. Zaidi ya watu 570,000 walikubaliwa. Tofauti na 1986 iko wazi: mfanyakazi alihalalishwa na mwajiri akabanwa kwa faili moja, siku moja. Aliyetaka kibali alimleta bosi wake mezani, na bosi aliyefika mezani alianza kulipa michango.

Hispania pia ina utaratibu wa kudumu uitwao arraigo. Kwa miaka mingi, mtu aliyeishi nchini miaka mitatu, asiye na rekodi ya uhalifu, mwenye mkataba wa kazi na uhusiano na jamii anamoishi, aliweza kuomba kibali wakati wowote bila kungoja serikali itangaze msamaha. Kanuni zilizoanza Mei 2025 zimeushusha muda huo hadi miaka miwili. Kasoro yake siifichi: kwa vitendo mtu anaambiwa aishi kwa kujificha miaka miwili, kisha ndiyo aje ofisini. Lakini faida yake ni kubwa kuliko inavyosemwa. Idadi ya wasio na vibali haikusanyiki kama deni hadi siasa zilipuke, kwa sababu kila mwezi kuna wanaotoka gizani kwa masharti yanayojulikana. Wala hakuna tarehe moja ya kukimbilia, na tarehe moja ya kukimbilia ndiyo inayowapa madalali biashara.

Marekani nayo ina kifungu kinachofanana na hicho, na historia yake inachekesha kwa uchungu. Tangu 1929 sheria inamruhusu aliyeingia kabla ya tarehe fulani kuandikishwa kuwa mkaazi halali akiwa na mwenendo mwema. Tarehe hiyo husogezwa na Bunge. Mara ya mwisho kusogezwa ilikuwa 1986, ikawekwa Januari 1, 1972, na hapo imegota. Mlango upo, bawaba zipo, ila anayeufikia leo lazima awe ameishi nchini zaidi ya nusu karne.

Vipi kuwaondoa wote? Tupige hesabu ya kawaida. Mwaka wa fedha wa 2012, chini ya Barack Obama, idara ya uhamiaji na forodha ya Marekani iliwaondoa watu zaidi kidogo ya 400,000, na sehemu kubwa walikuwa wamekamatwa mpakani, si mitaani. Kwa kasi hiyo, watu milioni 11 wangehitaji zaidi ya miaka 25, na hapo tunadhani hakuna mwingine anayeingia. Kumwondoa mtu mmoja kunahitaji kumtambua, kumkamata, kumsikiliza, kupata hati ya kusafiria kutoka kwa serikali ya kwao, na kumpandisha ndege. Serikali ya kwao ikikataa kumtambua, mnyororo wote unakatika pale. Ukiongeza askari bila kuongeza mahakimu, umeongeza tu watu wanaongoja.

Kuna nchi ambazo hazikuwa na kikwazo cha mahakama. Saudi Arabia ilitoa muda wa watu kurekebisha hali zao mwaka 2013, na muda ulipoisha Novemba ikaanza msako. Ndani ya miezi michache Waethiopia wapatao 160,000 walirudishwa kwao, wengi wakieleza vipigo na kupoteza kila walichochuma. Kwa anayehesabu vichwa tu, kazi ilifanyika. Lakini njia ya Yemen haikukauka. Mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu zaidi ya watu 130,000 walioingia Yemen kutoka Pembe ya Afrika, wengi wao Waethiopia wakielekea Saudi Arabia kulekule. Kazi zilizowaita zilikuwa bado zipo.

Njia ya nne ndiyo inayopendwa na mawaziri, kwa sababu haimuudhi mtu leo: kibali cha muda kinachoongezwa kila kinapokaribia kuisha. Afrika Kusini ilianza kuwapa Wazimbabwe vibali maalum kati ya 2009 na 2010. Novemba 2021 serikali ikatangaza haitaviongeza. Wakati huo walionavyo walikuwa takriban 178,000, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa na kusoma hukohuko. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaona uamuzi huo haukuwa halali, kwani wahusika hawakusikilizwa ipasavyo, na vibali vikaongezwa tena. Marekani nayo iliwapa raia wa El Salvador hifadhi ya muda mwaka 2001 baada ya matetemeko ya ardhi, na ikapita miaka zaidi ya ishirini bado ni ya muda. Kwa dharura ya mwaka mmoja au miwili njia hii ni nzuri. Ikifika mwaka wa kumi, nchi imetengeneza tabaka la watu walio halali ila hawawezi kupanga maisha yao.

Hata uamuzi wa ukarimu unaweza kukwama kwenye droo. Tanzania ilikubali kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wapatao 162,000, kundi lililoingia mwaka 1972 na vizazi vyake, hatua ambayo nchi chache duniani zimethubutu. Maombi yaliidhinishwa, lakini vyeti vikashikiliwa kwa miaka hadi ugawaji ulipoanza Oktoba 2014. Katika kipindi hicho watu walikuwa wameukana uraia wa Burundi na hawakuwa na karatasi ya Tanzania mkononi.

| Njia | Inafaa pale ambapo | Inapovunjika |
|---|---|---|
| Kuwaondoa wote | Idadi ni ndogo na nchi wanazotoka zinawapokea | Mahakama zinajaa, kazi zinaendelea kuvuta wengine |
| Msamaha wa mara moja | Umefungwa pamoja na udhibiti wa mwajiri kwa faili moja | Tarehe ya mwisho inaacha watu nje, upande wa pili wa mapatano haufiki |
| Mlango wa kudumu wenye masharti | Kuna rekodi za ukaazi na kazi zinazoaminika | Unamlazimu mtu ajifiche kwanza, na tarehe ikigota unakufa |
| Kibali cha muda | Vita, tetemeko, dharura | Kinageuka maisha bila mtu kuamua hivyo |

Ningepewa kura moja hapa, ningeipa njia ya tatu katika jedwali, ule mlango wa kudumu, na sharti liandikwe kwa miaka ya ukaazi, kamwe si kwa tarehe ya kalenda. Miaka ya ukaazi husogea yenyewe. Tarehe ya kalenda hungoja Bunge, na Bunge hungoja uchaguzi.

Mwajiri

Watu wengi hawavuki mipaka kutafuta makaratasi. Wanatafuta kazi. Kwa hiyo utekelezaji unaogusa kazi ndio unaofika kwenye kiini, na hapa pia kuna namna kadhaa.

Msako wa kiwandani unavutia kamera. Mei 2008 maofisa wa Marekani walivamia kiwanda cha nyama huko Postville, Iowa, mji wa watu elfu mbili na ushee, wakakamata wafanyakazi 389 kwa siku moja. Shule zilibaki na viti vitupu, na mwaka haukuisha kabla kampuni haijafilisika. Ukiuliza kama viwanda vya nyama nchini viliacha kuajiri wasio na vibali, jibu limo kwenye msako wa Mississippi wa Agosti 2019, ambapo karibu watu 680 walikamatwa kwenye viwanda vya kuku. Msako humfikia mfanyakazi siku hiyohiyo, na mwajiri kwa nadra.

Ukaguzi wa kielektroniki ni kitu kingine. Arizona ilipitisha sheria mwaka 2007, ikaanza kutumika 2008, ikiwalazimu waajiri wote kupima majina ya waajiriwa wapya kwenye E-Verify, mfumo wa serikali kuu wa kuhakiki ruhusa ya kufanya kazi, na kutishia kufuta leseni ya biashara ya anayeajiri kwa kukusudia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiunga mkono mwaka 2011. Watafiti walioifuatilia waliona kweli idadi ya wasio na vibali katika jimbo hilo ilipungua. Waliona pia wengine walihamia kazi za kujiajiri, zenye malipo ya mkononi, ambako hakuna anayekagua chochote. Mfumo unalinganisha jina na namba. Hauwezi kujua kama jina na namba ni vya binamu yako. Hata hivyo, kati ya zana zote za utekelezaji wa ndani, hii ndiyo isiyohitaji bunduki wala basi la polisi, na inampata mwajiri kabla ya mfanyakazi.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kupitia sheria za 2014 na 2016, zilizotokana na sera ya mazingira magumu ya Theresa May alipokuwa waziri wa mambo ya ndani, ukaguzi ulikabidhiwa kwa mwenye nyumba, benki, hospitali na mamlaka ya leseni za udereva. Kila raia akawa ofisa uhamiaji bila mafunzo. Walioumia hadharani, sakata lilipolipuka 2018, walikuwa watu wa kizazi cha Windrush: waliotoka visiwa vya Karibi kihalali kabla ya 1973, ambao hawakuwahi kupewa hati kwa sababu wakati ule hazikuhitajika. Kadi zao za kuwasili zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Wengine walipoteza kazi na matibabu, wengine walifukuzwa nchini mwao wenyewe. Waziri Amber Rudd alijiuzulu Aprili mwaka huo. Kabla ya kumtaka mwenye nyumba akague kitambulisho, serikali ihakikishe kwanza kila mwenye haki anacho. Hiyo ni kazi ya miaka, na haina mvuto kwenye kampeni.

Lakini ukaguzi wowote unafanya nusu ya kazi tu ikiwa hakuna njia halali ya kuipata kazi ileile. Mfano ulio bora zaidi, na ulio mchafu pia, ni wa zamani. Kati ya 1942 na 1964 Marekani na Mexico ziliendesha mpango wa vibarua wa msimu, Bracero. Mwaka 1954 serikali ya Marekani ilifanya msako mkubwa mpakani, na papo hapo ikapanua vibali, hata kufikia zaidi ya 400,000 kwa mwaka. Waliokamatwa wakivuka bila ruhusa walishuka kutoka zaidi ya milioni moja mwaka 1954 hadi chini ya 100,000 mwaka 1956. Wanaopenda msako husifu msako, wanaopenda vibali husifu vibali. Ukweli ni kwamba vilikwenda pamoja. Baada ya mpango kufutwa, kazi zilibaki, watu wakabaki, vibali vikaondoka, na waliokamatwa wakaanza kuongezeka tena. Uchafu wake ulikuwa kwenye mkataba: kibarua alifungwa kwa mkulima mmoja, na katika miaka ya mwanzo asilimia 10 ya ujira wake ilikatwa kama akiba ambayo wengi hawakuiona tena.

Mfano wa karibuni ni wa Ujerumani. Tangu Januari 2016 raia wa nchi sita za Balkani Magharibi wanaweza kuomba viza ya kazi kwa kuwa na ofa ya ajira tu, bila kuulizwa vyeti, mradi waombe wakiwa kwao. Kabla ya hapo maelfu walikuwa wakiomba hifadhi ya ukimbizi ambayo karibu wote walinyimwa. Maombi hayo ya hifadhi yaliporomoka. Sababu hazikuwa moja, kwa kuwa nchi hizo zilikuwa pia zimetangazwa salama na kesi zao kuharakishwa, na hilo ndilo linaloufanya mfano huu uwe na maana: hapana ya haraka upande mmoja, ndiyo ya kweli upande wa pili.

Kibali cha kazi chenyewe kinaweza kuzalisha watu wasio halali, na wasomaji wengi wenye ndugu Ghuba hawahitaji kuelezwa. Chini ya kafala, mfumo unaoufunga ukaazi wa mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, mfanyakazi anayemkimbia mwajiri katili anapoteza uhalali siku anayovuka geti. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadili kazi. Saudi Arabia ililegeza masharti yake Machi 2021, lakini ikawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, yaani haohao waliokuwa wanyonge zaidi. Ukisoma muswada wowote wa vibali vya kazi, nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha kubadili mwajiri. Kama hakipo, au kinahitaji saini ya mwajiri wa kwanza, muswada huo utaleta wahamiaji wasio na vibali kwa hesabu yake wenyewe.

Mpaka

Hapa nitakuwa mfupi kuliko wanasiasa. Marekani iliongeza askari wa doria ya mpaka kutoka takriban 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi zaidi ya 20,000 miongo miwili baadaye. Njia za San Diego na El Paso zilibanwa, watu wakasukumwa kwenye jangwa la Arizona, wengi wakafia huko, na ada za wasafirishaji zikapanda. Jambo ambalo halikutarajiwa lilitokea upande wa ndani: mwanamume aliyezoea kwenda msimu wa mavuno na kurudi Mexico aliona kurudi ni hatari mno, akabaki, kisha akaita familia. Sheria ya 1996 ikaongeza kufuli. Aliyekaa bila kibali zaidi ya miezi sita, akitoka, anazuiwa kurudi kwa miaka mitatu. Aliyekaa zaidi ya mwaka, miaka kumi. Adhabu inaanza kuhesabiwa mtu anapoondoka, kwa hiyo wenye busara hawaondoki. Na hakuna ukuta unaomhusu aliyeingia uwanja wa ndege na viza halali kisha akapitiliza muda.

Australia ndiyo inayoletwa kila mara kama ushahidi wa kinyume, na haki yake apewe. Ilianza kuwapeleka waliofika kwa boti Nauru na kisiwa cha Manus mwaka 2001, ikaacha, ikarudia 2012, na mwaka 2013 ikaanzisha operesheni ya kuzirudisha boti baharini. Boti zilikoma karibu kabisa. Gharama ilikuwa watu kukaa kizuizini kwa miaka bila hukumu, na Aprili 2016 mahakama ya juu ya Papua New Guinea ikasema kizuizi cha Manus kilivunja katiba ya nchi hiyo. Kabla ya kuiga, mtu aangalie ramani: hiyo ni nchi isiyo na mpaka wa nchi kavu, ambayo wakati huohuo inapokea wahamiaji halali wengi kila mwaka. Uingereza ilitaka kuiga kwa kutumia Rwanda. Mpango ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikauona si halali Novemba 2023, sheria mpya ikapitishwa kuuokoa, na serikali mpya ikaufuta Julai 2024 bila hata mtu mmoja kupelekwa kwa nguvu.

Nani aingie kihalali

Kanada iliweka mfumo wa pointi mwaka 1967 ili kuacha kuchagua watu kwa asili yao. Ukawapa pointi wenye elimu, kisha wengi wao wakajikuta wakiendesha teksi kwa sababu vyeti vyao havikutambuliwa. Express Entry ya 2015 ilirekebisha sehemu ya hilo kwa kuwapanga waombaji wenye ujuzi kwenye orodha moja na kuwaita walio juu. Mfumo wa mwajiri, kama wa Marekani, una uhakika wa kazi lakini unamfunga mtu. Na ukomo wa asilimia 7 kwa kila nchi umewaweka wahandisi wa Kihindi kwenye foleni ya makumi ya miaka. Bahati nasibu ya viza ya Marekani, iliyoanzishwa na sheria ya 1990, ilikusudiwa kumpa nafasi hata mtu asiye na ndugu wala mwajiri, ila haichagui kitu chochote ambacho nchi inakihitaji. Kwa maoni yangu tofauti kati ya hizi tatu ni ndogo kuliko kelele zake. Nchi inaweza kuishi vizuri na yoyote, ikiwa majibu yanatoka kwa wakati.

Muda wa kupata jibu

Mwishoni mwa 2023 kesi zilizorundikana katika mahakama za uhamiaji za Marekani zilipita milioni tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini hapa huumiza pande zote kwa namna tofauti: mwenye dai la kweli la hifadhi anakaa miaka bila familia yake, na asiye na dai anapata miaka ya kufanya kazi kwa sababu tu amewasilisha fomu. Foleni ndefu ni kivutio kikubwa kuliko msamaha wowote.

Marekani yenyewe iliwahi kulitatua hili, na hakuna anayekumbuka kwa sababu halikuwa na ukuta wa kupigia picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwombaji hifadhi alipata kibali cha kazi mapema, kesi ikilala. Mageuzi yaliyoanza Januari 1995 yalifanya mambo matatu: kibali cha kazi kikasogezwa hadi siku 180 kama kesi haijaamuliwa, maofisa wa hifadhi wakaongezwa takriban mara mbili, na kesi mpya zikashughulikiwa kwanza badala ya za zamani. Maombi mapya yakashuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyezuiwa kuomba. Waliokuwa wakiomba ili kupata miaka ya kungoja walikosa cha kungojea.

Uswisi ilifika palepale kwa njia ya ukarimu zaidi. Baada ya majaribio ya Zurich, theluthi mbili hivi ya wapiga kura waliidhinisha mabadiliko Juni 2016, na tangu Machi 2019 kesi zinazopitia njia ya haraka zinalengwa kuisha ndani ya siku 140, rufaa ikiwemo. Mwombaji, ofisa, mkalimani na wakili wako jengo moja, na wakili ni wa bure tangu siku ya kwanza. Wapo waliopinga kumpa mgeni wakili kwa kodi za wananchi. Lakini faili lililoandaliwa vizuri mwanzoni halirudi mezani mara tatu.

Basi ukiletewa miswada miwili uchague, mmoja wenye askari elfu kumi wapya na mmoja wenye maofisa wa kuamua kesi, mawakili na wakaguzi wa mahali pa kazi, chukua wa pili hata kama wewe ni mtu wa msimamo mkali. Ndio utakaowaondoa wasiostahili kubaki kabla hawajaota mizizi. Ukiwa na fedha ya viwili, ongeza mlango wa ukaazi unaohesabiwa kwa miaka na kibali cha kazi kisichomfunga mtu kwa bosi mmoja, na vyote vianze siku moja. Muswada wa 2013 wa Marekani ulitaka kwanza askari wa mpaka wafike 38,405 na uzio wa maili 700 ukamilike kabla ya wengi wa waliohalalishwa kupata ukaazi wa kudumu. Sharti la namna hiyo linampa kila mpinzani wa baadaye fursa ya kusema bado, hesabu haijatimia, kwa hiyo ukiliona kwenye muswada wowote, uliza ni ofisi gani itakayotangaza kwamba limetimia, na lini.